Kuthibitisha kwa mkono kwamba 2147483647 ni namba tasa, na kuitumia bila makosa

Namba 2147483647 hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mpaka kipeo cha 31, kisha kutoa 1. Mwanahisabati Leonhard Euler alitangaza mwaka 1772 kwamba ni tasa, yaani haigawanyiki na namba nyingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Wakati huo alikuwa karibu kipofu, na wala hakuwa na mashine. Kazi aliyoifanya inaweza kurudiwa na mwanafunzi yeyote wa sekondari aliye tayari kukaa mezani siku kadhaa. Mwongozo huu unaeleza njia hiyo kwanza, halafu njia ya Lucas na Lehmer inayofaa kwa kompyuta, kisha matumizi ya namba hii na makosa yanayowapata watu wanaoitumia.

Utahitaji daftari la mistari, kikokotoo cha kawaida cha tarakimu 10 (au subira ya kugawanya kwa mkono), na orodha ya namba tasa mpaka 215. Kwa sehemu ya pili utahitaji kompyuta yenye Python.

Hatua ya 1: weka mpaka wa kazi

Kama namba ina kigawo, basi ina kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Mraba wa 46340 ni 2147395600, ambao bado uko chini ya namba yetu. Mraba wa 46341 ni 2147488281, na huo umeshaipita. Kwa hiyo ukijaribu namba tasa zote mpaka 46340 bila kupata inayogawanya, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba namba tasa hizo ni 4792. Hakuna haja ya kuzijaribu zote, na hapa ndipo hisabati inapookoa jasho.

Hatua ya 2: punguza namba za kujaribu

Tuseme q ni namba tasa inayogawanya 2147483647. Maana yake ni kwamba 2 kwa kipeo cha 31, ikigawanywa kwa q, inabakiza 1. Kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachobakiza 1 lazima kigawanye 31. Lakini 31 yenyewe ni tasa, na kipeo hicho hakiwezi kuwa 1, kwa kuwa hapo 2 ingebakiza 1 na q ingelazimika kuwa 1. Kwa hiyo kipeo hicho ni 31 hasa. Sasa, kanuni ya Fermat inasema 2 kwa kipeo cha q toa 1 pia inabakiza 1 ikigawanywa kwa q. Basi 31 inagawanya q toa 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q toa 1 ni shufwa. Tukiunganisha, q lazima iwe ya umbo 62k + 1.

Kuna sharti la pili. Ikiwa 2 kwa kipeo cha 31 inabakiza 1, basi 2 kwa kipeo cha 32 inabakiza 2. Lakini 2 kwa kipeo cha 32 ni mraba wa 65536. Kwa hiyo kuna mraba unaobakiza 2 ukigawanywa kwa q, na jambo hilo linawezekana tu kwa namba tasa witiri zinazobakiza 1 au 7 zikigawanywa kwa 8.

Weka masharti mawili pamoja, na unabaki na maumbo mawili tu:

248n + 1
248n + 63

Anza n kwenye 1. Kwa n = 0 unapata 1 na 63, ambazo si tasa. Mwisho ni n = 186, inayotoa 46129 na 46191. Namba za kujaribu zimeshuka mpaka 372.

Kabla ya kuendelea, jiridhishe kwamba kanuni ya umbo inafanya kazi kwa kuijaribu mahali penye jibu linalojulikana. Namba 536870911, yaani 2 kwa kipeo cha 29 toa 1, ni sawa na 233 × 1103 × 2089. Kwa kipeo cha 29, umbo linakuwa 58k + 1. Zitazame: 233 ni 58 × 4 + 1, 1103 ni 58 × 19 + 1, na 2089 ni 58 × 36 + 1. Asiyeiamini kanuni aikague hapa kwanza, kwa sababu kazi yote inayofuata imeegemea juu yake.

Hatua ya 3: chuja zisizo tasa

Katika 372 hizo, nyingi si tasa na hazihitaji kujaribiwa. Andika safu mbili kwenye daftari, moja kwa kila umbo, na ukate kila inayogawanyika na 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Katika kila safu, moja kati ya kila namba tatu mfululizo inagawanyika na 3, na moja kati ya kila tano inagawanyika na 5, kwa hiyo ukishaipata ya kwanza unaruka tu. Kwa 7, tafuta ya kwanza kwenye safu (497 ni 7 × 71), kisha kata kila ya saba baada yake.

Kwa n kuanzia 1 hadi 10, hali inakuwa hivi: 249, 807, 993, 1551, 1737 na 2481 zinakatwa na 3. Namba 745, 1055, 1985 na 2295 zinakatwa na 5. Namba 497, 1799 na 2233 zinakatwa na 7. Kisha 559 ni 13 × 43, 1241 ni 17 × 73, na 2047 ni 23 × 89. Katika 20 zimebaki nne tu: 311, 1303, 1489 na 2543.

Ukimaliza safu zote utabaki na takribani namba themanini. Usishangae namba mbili za mwisho zikikatwa zote: 46191 inagawanyika na 3, na 46129 ni 163 × 283. Hiyo ya pili huwaponyoka wengi kwa sababu wanachoka kuchuja kabla ya kufika 163. Kumbuka lakini kwamba kuacha namba isiyo tasa ndani ya orodha si kosa la hatari, maana unafanya mgawanyo mmoja wa ziada tu. Kosa la hatari ni kukata namba ambayo ni tasa. Kwa hiyo ukiwa na shaka, iache.

Hatua ya 4: gawanya, na ukague kila mgawanyo

Mgawanyo wa moja kwa moja unatoa:

2147483647 = 311 × 6905092 + 35
2147483647 = 1303 × 1648107 + 226
2147483647 = 1489 × 1442232 + 199
2147483647 = 2543 × 844468 + 1523

Hakuna baki ya sifuri, kwa hiyo hizi nne si vigawo. Endelea hivyo hadi mwisho wa orodha.

Kila mgawanyo ukaguliwe kwa njia ya tisa. Jumlisha tarakimu za namba mpaka ibaki tarakimu moja. Tarakimu za 2147483647 zinajumlika kuwa 46, kisha 10, kisha 1. Kwa mstari wa kwanza: 311 inatoa 5, 6905092 inatoa 4, na 5 × 4 ni 20, yaani 2. Baki 35 inatoa 8. Halafu 2 + 8 ni 10, yaani 1. Imelingana. Njia hii haigundui tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, na kosa hilo ndilo linalotokea sana mtu akinakili kutoka kwenye kikokotoo. Kwa hiyo kuna ukaguzi wa pili ulio bora zaidi, ambao haugusi kabisa namba ya tarakimu 10.

Badala ya kugawanya, panda kwa vipeo vya 2 ukibaki na baki tu. Kwa 311: 2 kwa kipeo cha 8 ni 256, ambayo ni sawa na −55 ukitoa 311. Mraba wake ni 3025, na ukitoa 311 × 9 inabaki 226, sawa na −85. Hapo umefika kipeo cha 16. Zidisha −55 kwa −85 upate 4675, toa 311 × 15, inabaki 10, na hicho ni kipeo cha 24. Zidisha kwa 128, ambayo ni kipeo cha 7, upate 1280. Toa 311 × 4, inabaki 36. Toa 1 ya mwisho, unapata 35, ileile ya mgawanyo.

Kwa 2543 anza na 2048, ambayo ni kipeo cha 11 na ni sawa na −495. Mraba ni 245025, baki 897, kipeo cha 22. Zidisha kwa 512 upate 459264, baki 1524. Toa 1: 1523. Njia mbili zimekutana, na zinapokutana unaweza kulala usingizi.

Kutumia alama hasi kunapunguza ukubwa wa namba kwa nusu na makosa kwa zaidi ya hapo. Asiyetumia hasi atajikuta anapiga mraba wa 2048 bila sababu.

Hatua ya 5: njia ya Lucas na Lehmer

Édouard Lucas aliivumbua katika miaka ya 1870, na D. H. Lehmer akaiweka katika sura yake ya sasa mwaka 1930. Inafanya kazi kwa namba za umbo hili tu: 2 kwa kipeo p toa 1, ambapo p ni namba tasa witiri. Anza na 4. Piga mraba, toa 2, chukua baki ya kugawa kwa namba yako. Rudia mara p toa 2. Ukipata sifuri, namba ni tasa. Usipopata, si tasa. Hakuna jibu la katikati.

Jifunze kwanza kwa 31, yaani kipeo cha 5: 4, 14, 8, 0. Hatua tatu na sifuri. Kisha 127, yaani kipeo cha 7: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Na kwa 2047, ambayo si tasa, utapata 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Mwisho si sifuri.

Kwa namba yetu hatua ni 29. Nne za kwanza ni rahisi: 14, 194, 37634, 1416317954. Ya tano ndiyo mlima wa kwanza. Mraba wa 1416317954 toa 2 ni 2005956546822746114. Usigawanye kwa 2147483647. Gawanya kwa 2147483648, ambayo ni kipeo kamili cha 2, kisha jumlisha jibu na baki:

2005956546822746114 = 934096307 × 2147483648 + 1883058178
934096307 + 1883058178 = 2817154485
2817154485 − 2147483647 = 669670838

Hii inawezekana kwa sababu 2147483648 yenyewe inabakiza 1. Kwenye kompyuta mgawanyo huo ni kusogeza biti 31 tu, na ndiyo maana namba za aina hii hupimwa haraka kuliko namba nyingine za ukubwa uleule. Hatua ya sita inatoa 1937259419. Ukifika ya 27 uone 1181536708, ya 28 uone 65536, na ya 29 uone 0. Hiyo 65536 haikuja kwa bahati. Ili hatua ya mwisho itoe sifuri, iliyotangulia lazima mraba wake ubakize 2, na mraba wa 65536 toa 2 ni mara mbili ya namba yetu kamili.

Programu yake ni fupi:

M = 2**31 - 1
s = 4
for i in range(29):
    s = (s*s - 2) % M
print(s)

Ikichapisha 0, umemaliza.

Ukiwa na karatasi peke yake, njia ya Euler ni salama zaidi hata kama inaonekana ndefu. Migawanyo yake haitegemeani: ukikosea mmoja unaurudia huo tu. Kwa Lucas na Lehmer kuna mizidisho 25 mikubwa iliyofungamana, na tarakimu moja ikiharibika hatua ya 9, zote 20 zinazofuata ni bure, wala huoni dalili mpaka mwisho. Kwa namba kubwa zaidi mizani inageuka kabisa. Ivan Pervushin wa Urusi alipothibitisha mwaka 1883 kwamba 2 kwa kipeo cha 61 toa 1 ni tasa, kuchuja kwa maumbo mawili kungemwachia zaidi ya namba milioni sita za kujaribu. Kwa njia ya Lucas na Lehmer, namba hiyo inataka hatua 59.

Yanayoharibika mara kwa mara

Lahajedwali. Excel hushika tarakimu 15 tu kwa usahihi. Mraba wa hatua ya tano una tarakimu 19, kwa hiyo nne za mwisho zinapotea na kila kinachofuata ni uongo. JavaScript ina ugonjwa uleule ukitumia namba zake za kawaida, kwani usahihi wa namba kamili unaishia 9007199254740992. Tumia Python, au namba kamili za biti 64 katika C.

Kipimo cha Fermat kwa 2. Wengi huandika pow(2, M-1, M), yaani baki ya 2 kwa kipeo cha M toa 1 ikigawanywa kwa M, wanapata 1, wanafurahi. Kwa namba za umbo hili jibu ni 1 daima, iwe ni tasa au si tasa, maadamu kipeo ni tasa. Jaribu pow(2, 2046, 2047): ni 1, na 2047 ni 23 × 89. Tumia 3. Ukiandika pow(3, (M-1)//2, M) kwa namba yetu utapata 2147483646, yaani −1, kama inavyotakiwa. Ukitaka uhakika kamili kwa kipimo cha Miller na Rabin, ambacho ni kipimo cha Fermat kilichoimarishwa, kukirudia kwa 2, 3, 5 na 7 kunatosha kwa namba yoyote iliyo chini ya 3215031751.

Kudhani kipeo tasa kinatosha. 11, 23 na 29 ni tasa, lakini 2 kwa vipeo hivyo toa 1 si tasa hata moja.

Kuitumia kuzalisha namba za kubahatisha

Toa 1 kwenye namba yetu na uvunje: 2147483646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Mvunjo huu una faida kubwa. Vipeo vya 7, vikichukuliwa kama baki, vinapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646 kabla ya kurudi mwanzo, na 7 ndiyo namba ndogo kabisa yenye sifa hiyo hapa. Kwa kuwa 5 haimo kwenye mvunjo, 7 kwa kipeo cha 5, yaani 16807, nayo inayo. Mwaka 1988 Park na Miller waliipendekeza kama kizidishi cha kiwango cha chini kinachokubalika, na imo ndani ya C++ kwa jina minstd_rand0.

Kanuni: zidisha namba uliyo nayo kwa 16807, chukua baki. Ukianza na 1 unapata 16807, 282475249, 1622650073, 984943658, 1144108930. Ya 10000 lazima iwe 1043618065. Isipokuwa hiyo, programu yako ina kosa.

Kwenye mashine ndogo ya biti 32 mzidisho huo hautoshei. Tumia mbinu ya Schrage: gawanya x kwa 127773 upate jibu na baki, kisha 16807 × baki toa 2836 × jibu, na ukipata hasi ongeza 2147483647. Kwa x = 282475249, jibu ni 2210 na baki 96919. Halafu 1628917633 − 6267560 = 1622650073. Inafanya kazi kwa sababu 16807 × 127773 + 2836 ni 2147483647 hasa.

Usianze na 0, maana utabaki na 0 milele. Na usiitumie kutengeneza nywila, misimbo ya kuthibitisha malipo wala bahati nasibu: anayeiona namba moja tu anaweza kuhesabu zote zinazofuata.

Kikomo cha biti 32 ni jambo jingine

2147483647 ndiyo namba kubwa kabisa inayokaa katika namba kamili ya biti 32 yenye alama, yaani inayoweza kuwa chanya au hasi. Jambo hili halihusiani na utasa wake. Lingekuwa hivyo hivyo hata kama ingekuwa na vigawo mia. Lakini ndiko watu wengi wanakokutana nayo. Katika hifadhidata ya MySQL isiyo katika hali kali (inayokataa data isiyotoshea), safu ya INT, yaani ya namba kamili za biti 32, ikipewa namba ya simu inayoanza na 255 au 254 na yenye tarakimu 12, huandika 2147483647 badala yake. Ukiona wateja wengi wana simu hiyo hiyo moja, data ya asili imepotea: badilisha safu iwe VARCHAR, yaani ya maandishi, na uombe namba upya. Kiasi cha shilingi kinachozidi bilioni 2.147 kinataka BIGINT, yaani namba kamili ya biti 64. Mifumo inayohesabu muda kwa sekunde za biti 32 tangu 1 Januari 1970 itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

Namba kamilifu, na ngazi inayofuata

Zidisha 2147483647 kwa 1073741824 upate 2305843008139952128. Hiyo ni namba kamilifu ya nane: vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vinajumlika kuwa sawa nayo. Mwaka 1811 Peter Barlow aliandika kwamba hakuna kubwa zaidi itakayogunduliwa. Mwaka 1876 Lucas akathibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127 toa 1 ni tasa, na kubwa zaidi ikapatikana.

Kipeo chetu, 31, nacho ni 2 kwa kipeo cha 5 toa 1. Je, tukipanda ngazi moja, yaani 2 kwa kipeo cha 2147483647 toa 1, tunapata namba tasa? Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646 na haiandikiki hapa, lakini kanuni ya Hatua ya 2 bado inaitawala: kigawo chake lazima kiwe mara 2k ya 2147483647, ongeza 1. Weka k = 68745 upate 295257526626031. Ikigawanywa kwa 8 inabakiza 7, kama inavyotakiwa. Andika pow(2, 2147483647, 295257526626031) kwenye Python, na jibu litakuja papo hapo: 1. Kwa hiyo inagawanya, na namba ya ngazi ya juu si tasa.